Rubani wa Akiba: Kungoja Nako ni Kazi

Askari aliyepangwa kulinda lango huijua saa ya kuingia zamu na saa ya kubadilishwa. Polisi wa doria huijua siku yake ya mapumziko, na mkewe hupanga mambo ya nyumbani kwa kuifuata ratiba hiyo. Lakini yuko mtumishi mwingine ambaye kazi yake ni kungoja wito. Hajui kama leo ataitwa, wala akiitwa hajui atalala mji gani. Huyo ni rubani wa akiba. Yaliyompata rubani huyo nchini Marekani yafaa kufikiriwa na kila nyumba yenye mtu wa zamu.

Mashirika ya ndege hayawezi kufanya kazi bila akiba. Rubani mmoja huugua, mwingine hukwama kwa tufani katika mji wa mbali, na ndege huharibika ikachelewa hata muda wa kazi wa waendeshaji wake ukaisha. Abiria wamekwisha kulipa nauli na wanangoja. Kwa hiyo baadhi ya marubani huwekwa pembeni, tayari kwa wito. Wako wanaopewa nafasi ya nusu siku au zaidi kabla ya kuripoti, na wako wanaotakiwa kufika kiwanjani upesi mara simu inapolia. Hao wa pili hawawezi kwenda mbali na nyumbani, wala kunywa kileo, wala kuahidi kuhudhuria arusi ya ndugu.

Ni nani basi hupewa akiba? Katika mashirika makubwa ya Marekani ratiba hugawanywa kwa ukongwe kazini. Aliyeajiriwa mapema huchagua kwanza safari, siku za mapumziko na likizo. Aliyeajiriwa mwisho huokota yaliyobaki, na aghalabu yaliyobaki ni akiba, usiku na sikukuu. Wanaoutetea utaratibu huu husema kwamba hauna upendeleo: msimamizi hawezi kumpa rafiki yake safari nono, na mchanga wa leo ndiye mkongwe wa kesho. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kesho huja tu iwapo shirika linaendelea kuajiri. Ajira ikisimama, wa mwisho hubaki wa mwisho mwaka baada ya mwaka, na watoto wake huzoea kula sikukuu bila baba au mama.

Uchungu huo ungeweza kuachwa uwe jambo la nyumbani, lau uchovu usingepanda ndegeni pamoja na rubani. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya shirika la Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo, katika jimbo la New York. Watu 49 waliokuwamo walikufa, na mmoja zaidi alifia katika nyumba iliyoangukiwa. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa ni nahodha kuitikia vibaya onyo la ndege kupoteza nguvu ya kuelea. Lakini walieleza pia kwamba yaelekea uchovu ulipunguza uwezo wa marubani wote wawili, ingawa kiasi chake hakikuweza kupimwa. Msaidizi wa nahodha alikuwa amesafiri usiku uliotangulia kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili afike kazini.

Jamaa za marehemu hawakunyamaza. Walikwenda Washington mara kwa mara kudai sheria, na mwaka 2010 Bunge la Marekani likaagiza kanuni mpya za mapumziko zitungwe. Kanuni hizo zilianza kutumika tarehe 4 Januari 2014. Rubani hupewa mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kuvunjwa usingizi. Katika kila muda wa saa 168, yaani juma moja, hupata saa 30 mfululizo zisizo na kazi yoyote.

Rubani wa akiba alikumbukwa kwa namna ya pekee. Muda wa kungoja wito wa haraka hauruhusiwi kuzidi saa 14. Kwa ndege yenye marubani wawili, kungoja na kazi ya safari vikijumlishwa kwa kawaida havipiti saa 16. Aliyeanza kungoja saa 4 asubuhi, hata akiitwa jioni, hupangiwa kazi ambayo mwisho wake haupiti saa 8 usiku. Na anayengojea kiwanjani huhesabiwa kuwa yuko kazini tangu alipofika. Hivyo sheria imekiri jambo ambalo kila mlinzi analijua: kungoja si kupumzika.

Hata hivyo kanuni hizo zina mipaka. Ndege za mizigo hazikulazimishwa kuzifuata. Tena sheria hulinda usingizi, lakini haisemi ni nani afanye kazi siku ya sikukuu. Hilo limeachwa kwa mapatano ya mashirika na vyama vya marubani.

Wakufunzi nao wana shida iliyo karibu na hiyo. Mashine za kuigiza urubani ni za gharama kubwa, kwa hiyo mashirika huzitumia mchana na usiku, na mkufunzi huweza kupangiwa somo wakati watu wengine wamelala. Katika vyuo vidogo wengi hulipwa kwa saa za kuruka, hata mvua ikinyesha mshahara hupungua. Sheria ya Marekani humkataza mkufunzi kufundisha angani zaidi ya saa 8 katika saa 24, lakini saa anazoketi akingoja mawingu yapite hazimwingizii kitu.

Kila mpanga zamu, awe wa ndege, wa kambi au wa kituo cha polisi, ana funzo hapa. Atoe ratiba mapema. Agawe usiku na sikukuu kwa zamu, zisimwangukie mtu yule yule daima. Ahesabu saa za kungoja kuwa ni saa za kazi. Nao wa nyumbani wana sehemu yao: aliyekesha aachwe alale mchana, redio ipunguzwe sauti, na ugomvi wa matumizi ungoje hata aamke. Maana silaha, usukani na maisha ya watu haviwi salama mikononi mwa mtu aliyenyimwa usingizi.