Barua za Watoto na Chumba cha Mifupa ya Kale

Sogeeni kivulini, wanangu, na wewe uliyetoka kunywesha mbuzi njoo ukae hapa mbele. Nina kisa cha ndovu, kisa cha mifupa, na kisa cha pesa. Nitavisimulia pamoja kwa sababu havitenganiki.

Ukitoka hapa Garbatulla ukafika Isiolo mjini, kisha ukaifuata barabara kuu ya kaskazini, ukapita Archers Post na Laisamis, utauona mlima wa kijani umeinuka katikati ya ardhi kavu. Huo ni Marsabit. Wengi wenu mna shangazi na binamu huko. Katika msitu wa mlima ule aliishi ndovu dume aliyeitwa Ahmed. Pembe zake zilikuwa ndefu hata akisimama zinakaribia kugusa ardhi, na kila moja ilikuwa na uzito wa kilo 67. Gunia la sukari mnalolijua dukani ni kilo 50. Mfikirieni mnyama anayebeba mzigo unaolizidi gunia hilo kila upande wa mdomo, mchana na usiku, kupanda na kushuka mlima.

Pembe kama zile zina wanaozitamani. Majangili walikuwa wakiua ndovu kwa ajili ya pembe, na watu wakaanza kuhofia kwamba Ahmed naye hatapona. Ndipo watoto wa shule wakashika kalamu. Hawakuwa na bunduki, hawakuwa na magari, wala hawakuwa na cheo. Waliandika barua wakiomba Ahmed alindwe. Mwaka wa 1970 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri maalum kwamba ndovu yule asiguswe na mtu yeyote, na walinzi wenye silaha wakawekwa kumfuata alikokwenda. Ahmed akaendelea kula majani yake hadi mwaka wa 1974, akafa kifo cha uzee akiwa na umri wa miaka 55 hivi. Hakuuawa na jangili.

Msidhani watoto wa wakati ule walikuwa wa ajabu kuliko ninyi. Miaka miwili kabla ya amri ile, mwaka wa 1968, wanafunzi wa Kenya walikuwa wameanzisha vilabu vya wanyamapori shuleni, na vilabu hivyo vipo hadi leo. Walikuwa wanafunzi tu, wenye daftari, wenye mitihani, wenye kazi za nyumbani.

Sasa nifuateni vizuri. Ahmed alipokufa, Kenyatta aliagiza mwili wake uhifadhiwe. Mkienda Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi mtaiona mifupa yake imesimamishwa ndani, na nje uani ipo sanamu yake yenye ukubwa wake kamili. Barua za watoto zilimlinda alipokuwa hai. Akishakuwa mifupa, nani anamlinda? Mfupa hauombi maji wala majani, lakini una maadui wake: vumbi, wadudu, dari inayovuja, unyevu unaokuja na kuondoka, mkono wa mtu anayetaka kukata kipande akakifanye kumbukumbu. Maadui hao hawazuiwi kwa amri ya rais peke yake. Kuwazuia kunahitaji pesa kila mwezi.

Na mifupa ya Ahmed ni michanga sana ukiilinganisha na mingine iliyomo katika jengo lile. Nyuma ya milango ambayo wageni hawaipiti kuna vyumba vya visukuku, yaani mifupa iliyogeuka mawe. Mnyama hufa kando ya mto au ziwa, tope likamfunika kabla fisi hajammaliza. Maji yaliyobeba chumvi za ardhini hupenya ndani ya mfupa, pole pole, miaka maelfu kwa maelfu, mpaka mfupa wenyewe unakuwa jiwe huku umbo lake likibaki lile lile. Baadaye mvua na upepo hulichimbua tope lile, na kipande kinachomoza juu ya ardhi. Hapo ndipo anapohitajika mtu mwenye macho.

Mmoja wa watu hao aliitwa Kamoya Kimeu. Alizaliwa Ukambani, akachunga mbuzi utotoni, na shule alisoma miaka michache tu. Lakini mchungaji hujifunza kuona. Ninyi mnajua: mnatambua mbuzi wenu kati ya mia, mnaona unyayo wa fisi mahali ambapo mgeni anaona mchanga mtupu. Mwaka wa 1984, karibu na mto mkavu wa Nariokotome upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, Kamoya aliona kipande kidogo cha fuvu kinachoenea kiganjani. Kilikuwa cheusi, kimelala kati ya changarawe nyeusi. Watu wengine wangekikanyaga wakapita. Yeye aliinama. Wenzake walipochimba mahali pale, walipata karibu mifupa yote ya mtoto wa kiume aliyekufa miaka milioni 1.5 iliyopita au zaidi. Alikuwa mtoto kama ninyi, meno yake ya utotoni yakiwa bado hayajaisha kung'oka. Ulimwengu mzima unamjua kwa jina la Mvulana wa Turkana, na mifupa yake inatunzwa Nairobi. Mchunga mbuzi yule alikuja kupewa nishani mkononi na Rais wa Marekani, Ronald Reagan, mwaka wa 1985.

Mtaniuliza: kama kisukuku kimekwisha kuchimbwa, si kazi imekwisha? Haijaisha. Kati ya mwaka wa 1978 na 1981 watafiti walichimba mahali panapoitwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, wakapata taya na meno makubwa. Mifupa hiyo ikawekwa katika droo kwenye makumbusho ya Nairobi. Ikakaa. Watoto waliozaliwa miaka ile wakakua, wakaoa, wakaolewa, wakazaa, na mifupa bado imo ndani ya droo. Kisha mtafiti mmoja, Matthew Borths, akaifungua droo hiyo akitafuta kitu kingine, akashangaa. Mwaka wa 2019 yeye na Nancy Stevens walitangaza kwamba ni mnyama ambaye sayansi haikuwahi kumjua, mla nyama mkubwa kuliko simba yeyote wa leo, aliyeishi miaka milioni 22 iliyopita. Walimpa jina Simbakubwa kutokaafrika. Hakuwa simba wa kweli, alikuwa wa ukoo mwingine uliokwisha kabisa duniani. Lakini angalieni: kama droo ile ingeharibika, kama paa lingevuja juu yake, kama mtu angesema "haya mawe ya zamani yanajaza nafasi bure, tupeni", Simbakubwa angekufa mara ya pili, na hakuna ambaye angejua.

Hiyo ndiyo kazi ya chumba cha visukuku. Kinasubiri kwa niaba ya mtu ambaye bado hajazaliwa, au ambaye kwa sasa yuko darasa la nne.

Najua mnachotaka kusikia. Dinosaria! Haya. Dinosaria walikuwapo kwetu pia. Mifupa yao imepatikana katika mawe ya Lapur, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana. Lakini kisa kikubwa zaidi cha dinosaria wa Afrika Mashariki kiko Tanzania, na kinaniuma kila ninapokisimulia.

Mwaka wa 1906 mhandisi wa Kijerumani aliona mifupa mikubwa imechomoza ardhini kwenye kilima cha Tendaguru, ndani kidogo kutoka mji wa Lindi. Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala huko. Wataalamu wa makumbusho ya Berlin wakataka kuchimba, lakini fedha hawakuwa nazo za kutosha. Wakafanya nini? Waliomba michango. Watu wa Ujerumani wakachangishwa mpaka fedha nyingi zikapatikana. Kuanzia 1909 hadi 1913 mamia ya watu wa kusini mwa Tanzania walichimba, chini ya msimamizi wao hodari aliyeitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa katika mianzi iliyosukwa kuizunguka ili isivunjike, ikabebwa kichwani na mabegani kwa miguu, siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipanda meli. Mwaka wa 1937 mmoja wa dinosaria hao alisimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu ukiwa zaidi ya mita 13. Hata leo yuko pale pale. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikinguruma alishushwa, akafichwa chini ya jengo, na hivyo mabomu yaliyoangukia makumbusho hayakummaliza.

Mtoto wa Lindi anayetaka kumwona mnyama wa kijijini kwake hana budi kupanda ndege. Mimi naona hilo si haki, na wako Watanzania wengi wanaosema hivyo kwa sauti kubwa kuliko mimi. Lakini kisa hiki kina upande mwingine. Waliobeba mzigo kichwani walikuwa watu wetu. Waliotoa michango walikuwa wenye chumba cha kuwekea. Asiye na chumba hubeba tu.

Ndiyo maana napenda kisa cha msichana mmoja wa shule huko Uingereza, katika jimbo la Dorset, kwenye ufuo ambao mawe yake yamejaa visukuku. Zamani, katika mji wa Lyme Regis, aliishi Mary Anning, aliyezaliwa mwaka wa 1799 katika nyumba maskini. Alikuwa na umri wa miaka 12 hivi wakati yeye na kaka yake walipopata mifupa ya mtambaazi mkubwa wa baharini. Alitumia maisha yake yote kuchimba, na mabwana wasomi walinunua vitu vyake wakajipatia sifa wao. Basi msichana huyu wa siku hizi alimuuliza mama yake: kwa nini Mary hana sanamu? Lilikuwa swali tu. Lakini mama na mtoto hawakuliacha. Walianzisha kampeni, wakachangisha pesa kwa watu wa karibu na wa mbali, na mwezi wa Mei 2022 sanamu ya shaba ya Mary Anning ikazinduliwa Lyme Regis, mbwa wake Tray akiwa miguuni pake.

Sasa turudi kwetu. Kuchangisha si jambo geni Garbatulla. Wazazi wenu wanajua harambee ya kujenga darasa, ya kumpeleka mgonjwa hospitali, ya karo ya mtoto aliyefaulu. Watoto nao wanaweza kuchangia vyumba vile vya mifupa. Mwenye mbuzi anayekamwa ana maziwa ya kuuza, na mwenye sauti nzuri ana wimbo wa kuimba siku ya wazazi. Wachagueni wenzenu wawili wa kuandika kila shilingi katika daftari, na pesa za watoto zihesabiwe mbele ya watoto, mwalimu akiwepo. Nimeona michango mizuri ikifa kwa kukosa daftari. Shule ikipanga safari ya makumbusho ya Nairobi, mjue pia kwamba kiingilio mnacholipa ni sehemu ya pesa zinazolilinda jengo hilo.

Na huko malishoni, ukiona jiwe lenye umbo la jino au la mfupa, usilitoe. Mahali lilipolala ndipo penye nusu ya habari zake, na likishang'olewa habari hizo zimepotea. Weka alama ya mawe kando yake, kisha mwambie mwalimu au chifu apeleke taarifa makumbusho. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inataka hivyo, na vitu hivyo ni mali ya Wakenya wote, havichukuliwi wala haviuzwi.

Kisha waandikieni barua watu wa makumbusho. Semeni ninyi ni nani, mnasoma shule gani, mmesikia nini kuhusu vyumba vya mifupa, na muulize swali moja mnalotaka kujibiwa: mnahitaji nini ambacho sisi tunaweza kuchangia? Mwalimu wa Kiswahili atawaonyesha pa kuweka anwani na tarehe. Mengine yote yaandikeni kwa maneno yenu wenyewe.