Lafudhi ilitaja mtaa, polisi wakamkosa muuaji

Mfanyabiashara aliyezoea kuvuka Busia, Namanga au Rusumo hana haja ya kumuuliza mtu kwao ni wapi. Humwacha aseme sentensi mbili tu. Msafiri akisema amemwacha bibi nyumbani, Mtanzania humfikiria mama mzaa baba au mama mzaa mama, ilhali Wakenya wengi humfikiria mke. Anayesifu kitenge kuwa ni "muzuri" hujulikana mara moja kuwa huenda katokea upande wa Kongo. Na anayemwambia abiria mwenzake kwa Kiingereza "extend", akimaanisha asogee kidogo, amezoea taksi za Kampala.

Sikio la namna hiyo ni mtaji sokoni. Hata hivyo lina kikomo chake, na kisa kimoja kilichotokea Uingereza kinaonyesha hasara inayopatikana watu wanaposahau kikomo hicho.

Tangu 1975 wanawake walikuwa wakiuawa katika miji ya kaskazini mwa England, hasa Leeds na Bradford katika jimbo la Yorkshire. Kufikia Juni 1979 waliokufa walikuwa 10. Mwezi huo kaseti ilimfikia George Oldfield, afisa aliyekuwa akiongoza msako. Ndani yake kulikuwa na sauti ya mwanamume aliyejiita Jack. Aliongea taratibu, akimkejeli Oldfield kwa kushindwa kumkamata. Tangu mwaka uliotangulia polisi walikuwa wakipokea barua zilizotumwa kutoka mji wa Sunderland, nazo pia zilidai kuandikwa na muuaji.

Sikio la mtaalamu

Polisi waliipeleka kaseti kwa wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Leeds, Stanley Ellis na Jack Windsor Lewis. Ellis hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa miongoni mwa wakusanyaji wakuu wa utafiti mkubwa wa lahaja za Kiingereza ulioongozwa na Profesa Harold Orton. Kati ya 1950 na 1961, watafiti hao walifika sehemu 313, nyingi zikiwa vijiji, wakiwauliza wazee waliozaliwa na kukulia hapo maswali zaidi ya 1,300 kuhusu vyombo, mifugo, mazao na mwili wa binadamu.

Majibu yalionyesha jinsi Kiingereza kinavyobadilika ndani ya nchi moja. Banda la ng'ombe huitwa "byre" kaskazini-mashariki, "shippon" katika Lancashire na "mistal" magharibi mwa Yorkshire. Hata leo, anayetaka mkate mdogo wa duara huagiza "barm" akiwa Manchester na "cob" akiwa Nottingham. Neno lenye maana ya basi hutamkwa kusini kwa sauti inayokaribia "bas", ilhali kaskazini husikika "bus", kwa u ileile ya Kiswahili.

Hata miji jirani hutofautiana. Newcastle na Sunderland zimeachana kwa takriban kilomita 20 tu. Kwa kawaida watu wa Newcastle huitamka h ya mwanzo wa neno, lakini wengi wa Sunderland huiangusha. Wenyeji wa Sunderland huitwa Mackem, jina linalohusishwa na namna yao ya zamani ya kutamka neno lenye maana ya kutengeneza: badala ya "make" walisema "mak". Mgeni kutoka London huenda asisikie tofauti yoyote, lakini mwenyeji huisikia kabla salamu hazijaisha.

Ellis aliisikiliza kaseti, akailinganisha na sauti za wakazi wa Sunderland, akazidi kulibana eneo hadi akafika kwenye mtaa mmoja: Castletown, kando ya mto Wear.

Kosa lilipoingia

Kazi ya wataalamu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye hitimisho ambalo polisi walilijenga juu yake. Lafudhi ilijibu swali moja: msemaji alikulia wapi? Polisi waliichukua kama jibu la swali jingine kabisa: nani ameua?

Sauti ilitangazwa redioni na kwenye televisheni, na ikawekwa kwenye laini ya simu ili wananchi wapige na kuisikiliza. Lafudhi ikageuka kipimo cha kuwachuja washukiwa, na ambaye hakuongea kama mtu wa Sunderland alikuwa na nafasi kubwa ya kuachwa aende zake. Ellis na Lewis walianza kuingiwa na shaka. Ikiwa mtaa umeshajulikana na wanaume wake wameshahojiwa, kwa nini muuaji hapatikani? Walionya kwamba huenda aliyerekodi kaseti ni laghai tu. Vilevile, baadhi ya wanawake walionusurika walikuwa wameshaeleza kwamba mshambuliaji wao aliongea kama mtu wa Yorkshire. Maonyo hayo hayakupewa uzito wa kutosha.

Januari 1981, polisi wa Sheffield walimkamata Peter Sutcliffe, dereva wa lori, kwa sababu gari alilokuwamo lilikuwa na namba bandia. Alikiri mauaji hayo. Alikuwa mzaliwa wa Bingley, mkazi wa Bradford, na lafudhi yake ilikuwa ya Yorkshire. Katika miaka ya msako alihojiwa mara tisa na kuachwa. Baada ya kaseti kufika, aliua wanawake wengine watatu. Mei 1981 alitiwa hatiani kwa mauaji ya wanawake 13.

Na Jack? Mwaka 2005 kipande cha bahasha ya zamani kilipimwa vinasaba, vikalingana na vya John Humble, mkazi wa Sunderland aliyeishi karibu na Castletown. Hakuwa ameua mtu. Mambo aliyoyaandika, ambayo polisi walidhani ni muuaji tu angeyajua, yalikuwa yameshachapishwa magazetini. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka minane. Ellis hakukosea mtaa.

Mizani ya sokoni

Wauzaji na wanunuzi wa mipakani hukutana na mtego huohuo kila wiki, ingawa kwa kiwango kidogo. Simu inaita, sauti inaongea kama ya nyumbani, na mtu anatuma pesa za mzigo bila risiti kwa sababu "huyu ni wa kwetu". Kesho yake mteja mwaminifu mwenye Kiswahili cha ng'ambo anadaiwa kitambulisho na malipo ya awali, kisa tu matamshi yake ni mageni. Wa kwanza amepewa imani ambayo hajaifanyia kazi, na wa pili amenyimwa imani aliyostahili.

Kujua kwao mtu kuna faida zake. Humsaidia muuzaji kuchagua maneno, kuelewa kipimo ambacho mteja amekizoea na kukisia njia ambayo mzigo utapita. Lakini kama mtu hulipa deni, au kama shehena anayoiuza ni yake, ni maswali ambayo lafudhi haina uwezo wa kuyajibu. Hayo hujibiwa na hati ya mzigo, namba ya usajili wa gari, risiti iliyosainiwa na jirani wa kibanda aliyefanya naye biashara msimu uliopita. Sutcliffe mwenyewe hakukamatwa kwa lafudhi. Alikamatwa kwa namba za gari zilizokaguliwa na askari waliokuwa zamu usiku ule.