Sayansi Kati ya Madarasa Mawili

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, saa ambayo watu wengi wa Bukavu huwa misani au njiani kwenda misa, ardhi ilitetemeka. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 5.9. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kanisa liliwaangukia waumini. Mtoto wa Kasha, mtaa wa Bukavu, aliyeuliza kwa nini angeweza kupewa majibu mawili siku hiyohiyo: mhubiri akamwambia habari za mapenzi ya Mungu, mwalimu wa jiografia akamchorea ubaoni Afrika inavyopasuka kando ya Bonde la Ufa.

Katikati ya majibu hayo mawili kuna memuari nzuri, tasnifu ya kumaliza masomo, inayosubiri mwandishi. Anayesomea ualimu, tuseme ISP Bukavu, akitaka kuandika juu ya ufundishaji wa sayansi katika elimu ya Kikristo ya jadi, hana haja ya kuanzia Marekani. Ni kweli, huko vuguvugu la elimu hiyo lina nguvu. Lilichochewa na hotuba ya mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers, aliyoitoa Oxford mwaka 1947, na mwaka 1981 ikafunguliwa Logos School katika jimbo la Idaho. Katika nyingi za shule za vuguvugu hilo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika tasnifu na kuitetea mbele ya jopo. Ila mpango wa Sayers umejengwa juu ya sarufi, mantiki na balagha. Sayansi imo, lakini imekaa kama mgeni aliyepewa kiti karibu na mlango.

Bukavu elimu ya namna hiyo ina jina ambalo kila mzazi analitamka: humanite. Mizizi yake inafika kwenye mwongozo wa masomo wa Wajesuiti wa mwaka 1599, ambao haukuiacha hisabati nje. Christopher Clavius, aliyefundisha hisabati katika chuo chao cha Roma, ndiye mmoja wa waliotengeneza kalenda ya 1582 tunayoitumia hadi leo. Mwaka 1938 Wajesuiti walifungua Bukavu koleji ya Notre-Dame de la Victoire, ambayo leo ni Alfajiri.

Tatizo ni njia panda. Mwanafunzi akiingia humanite anachagua opsheni: latini-filozofia huku, sayansi kule. Wa kwanza anajifunza sababu nne za Aristotle na kupewa saa chache za fizikia. Wa pili anapiga hesabu za mawimbi ya tetemeko bila kuulizwa neno sababu lina maana gani. Walimu wao wanasalimiana vizuri uani, kisha kila mmoja anaingia darasani kwake.

Kichwa kama "Umuhimu wa sayansi katika elimu ya Kikristo" direkta wa memuari atakirudisha, na atakuwa na haki. Hakuna anayeweza kukipinga, wala kukithibitisha. Afadhali somo moja, shule mbili, mwaka mmoja wa humanite. Kwanza barua kwa prefe wa shule, halafu majuma kadhaa kwenye benchi la nyuma na daftari. Fishi za maandalizi zisomwe pamoja na jurnali ya darasa, kwa kuwa yaliyopangwa na yaliyofundishwa mara nyingi hayafanani. Maswali ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza humanite, nayo yatazamwe: mtihani wa kuchagua jibu miongoni mwa majibu yaliyoandikwa tayari haumsukumi mwalimu kuwafundisha watoto kujenga hoja.

Sura ya nadharia inamhitaji Georges Lemaître. Padri huyu Mbelgiji alisoma humanite kwa Wajesuiti wa Charleroi, akapata upadri mwaka 1923, na mwaka 1927 akaandika kwamba ulimwengu unapanuka. Papa Pius XII alipoelekea kuikaribisha nadharia hiyo kama ushahidi wa uumbaji, mwaka 1951, Lemaître hakufurahi. Kwake fizikia ilipaswa kujibu ya fizikia. Mwandishi anayetaka kuziunganisha imani na maabara kwa haraka atakutana na padri huyu mlangoni.

Na maabara yenyewe? Shule nyingi hazina. Bika na pipeti ni michoro ya chaki. Lakini Ziwa Kivu liko palepale. Kina chake kinafika mita 485, na chini kabisa maji yamebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, zilizoshikiliwa na uzito wa maji ya juu. Rwanda inachota methani hiyo na kuzalisha umeme. Hatari ya gesi ya ziwani inajulikana: mwaka 1986, ziwa Nyos la Kamerun lilitema gesi yake usiku na kuua watu wapatao 1,700.

Mwalimu anaweza kuanza somo la gesi za ziwa kwa chupa ya Fanta. Anaifungua polepole mbele ya darasa, povu linapanda, kisha anauliza gesi ilikuwa wapi kabla ya kizibo kutoka. Mtafiti akilijaribu katika opsheni zote mbili na kurudi baada ya majuma mawili kuuliza swali lilelile, atakuwa na sura yake ya matokeo, na jopo litakuwa na la kumhoji.