Tarumbeta za "One More Time" ni Mali ya Nani?

Novemba 2000, kundi la watu wawili kutoka Paris, Daft Punk, lilitoa singo iitwayo "One More Time". Ilishika namba 1 Ufaransa na namba 2 Uingereza, na hadi leo DJ akiipiga ukumbini watu huinuka kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kinachowainua ni tarumbeta. Lakini tarumbeta zile hazikupulizwa kwa ajili ya wimbo huo. Zilirekodiwa mwaka 1979 katika wimbo wa disko wa mtu mwingine kabisa, Eddie Johns, uitwao "More Spell on You". Kwa muda mrefu wapenzi wengi wa "One More Time" hawakuwahi kulisikia jina lake.

Daft Punk walikuwa Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, vijana waliofahamiana shuleni Paris miaka ya 1980. Muziki wao ni hausi, mtindo uliozaliwa kwenye klabu za Wamarekani Weusi wa Chicago mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo, disko ilipokuwa imeshapoteza soko. Maprodyuza wa Chicago na wenzao wa New York na New Jersey walizirudia sahani za disko, wakazipa mdundo wa mashine usiochoka. Wafaransa waliufuata mkondo huo, wakaongeza ustadi wa kukata vipande vidogo sana vya rekodi za zamani.

Kukata huko ndiko kuchukua sampuli. Prodyuza hurekodi sekunde chache za wimbo wa zamani ndani ya kifaa kiitwacho sampla, au siku hizi kwenye kompyuta, kisha huzipasua vipande na kukipa kila kipande kitufe chake. Hapo anaweza kuvipiga kwa mpangilio anaotaka yeye. Katika "One More Time" mlio wa tarumbeta za Johns umekatwakatwa na kupangwa upya, hata ukisikiliza nyimbo zote mbili kwa kufuatana utatambua sauti ya vyombo ile ile lakini hutaikuta tuni ile ile. Tuni unayoifahamu imezaliwa kwenye maungio ya vipande. Kwa hiyo anayesema Daft Punk wameiba tuni amekosea, na anayesema wameitunga yote wenyewe amekosea vilevile.

Baada ya kukata inakuja filta, yaani kifaa kinachozuia baadhi ya sauti na kupitisha nyingine. Sikiliza mwanzo wa wimbo: tarumbeta zinasikika kwa mbali, kama vile muziki unatoka nyumba ya jirani, kwa sababu sauti zake kali zimezibwa. Filta inapofunguliwa, ule mlio wa kuparuza unarejea na muziki unaonekana kuingia chumbani ulipo. Noti haijaongezwa hata moja. Msikilizaji anahisi kitu kinapanda, kumbe amefunguliwa tu alichokuwa amezibiwa.

Kifaa cha tatu ni kompresa, ambayo hubana sauti kubwa ili ikaribiane na ndogo. Wafaransa wa kizazi hicho waliibana mpaka ikawa sehemu ya mdundo: ngoma nzito inapogonga, vyombo vingine vyote vinajikunyata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha vinajaa tena. Wimbo huu unakwenda kwa kasi ya mapigo 123 kwa dakika, kwa hiyo kujikunyata na kujaa huko kunatokea takriban mara mbili kila sekunde. Mwili unaupokea mwendo huo kama pumzi, hata kama sikio haliwezi kueleza kinachoendelea.

Sauti ya kuimba ni ya Romanthony, prodyuza na mwimbaji wa hausi kutoka New Jersey, aliyefariki mwaka 2013. Sauti hiyo imepitishwa kwenye Auto-Tune, programu aliyoibuni Andy Hildebrand na kuingizwa sokoni mwaka 1997. Hildebrand alikuwa mhandisi aliyetumia hesabu za mawimbi ya sauti kutafuta mafuta ardhini, kisha akagundua kwamba hesabu za namna hiyo zinaweza kupima na kunyoosha noti za mwimbaji. Programu ilikusudiwa kuficha makosa. Daft Punk waliitumia kwa kiwango cha kupita kiasi, makusudi, sauti ya binadamu ikawa chombo. Wakati ule walilaumiwa sana. Leo anayesikiliza Bongo Fleva haoni ajabu yoyote katika sauti kama hiyo.

Ila kwangu ujasiri mkubwa zaidi wa wimbo huu uko katikati. Una urefu wa dakika 5 na sekunde 20, na katika muda huo ngoma inaondolewa kwa karibu dakika mbili. Anabaki mwimbaji na kinanda laini. Kwa wimbo wa kuchezwa klabu huo ni ukimya wa kuogofya, maana wachezaji wangeweza kwenda kukaa. Hawakai. Mshabiki wa rhumba ya Kongo anaijua hali hii: waimbaji wanaimba taratibu, na ukumbi mzima unavumilia kwa kuwa unajua sebene inakuja. Daft Punk wanacheza na uvumilivu huo huo. Ngoma inaporudi haijabadilika, lakini kiu ya kuisubiri imeifanya ionekane kubwa mara mbili.

Huo ndio ufundi wake. Sasa tuzungumze fedha.

Kila rekodi ya muziki ina mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na tuni, ambao ni wa mtunzi. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile ambayo wenye kazi huiita masta, na hiyo kwa kawaida ni ya aliyeigharamia. Mwimbaji anaweza kuwa ndiye sauti tunayoisikia na bado asimiliki hata moja kati ya hizo mbili. Anayetaka kuchukua sampuli huhitaji kibali cha wenye mali zote mbili.

Mwaka 2021 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha habari za Eddie Johns. Huyu ni mzaliwa wa Liberia aliyefanya muziki Ufaransa, kisha akahamia Marekani, ambako alipata kiharusi na kuishi miaka kadhaa bila makazi. Kutokana na "One More Time" hakuwa amepata chochote. Hata hivyo Daft Punk walikuwa wakilipa: upande wao ulieleza kwamba malipo ya sampuli huenda kwa kampuni ya Ufaransa inayomiliki rekodi ya Johns. Fedha zilifika kwa mwenye masta, zikaishia hapo.

Wenye wimbo mpya, kwa upande wao, walikuwa wamejipanga mapema. Walipoingia mkataba na kampuni ya Virgin mwaka 1996, walibaki wamiliki wa masta zao na kuipa Virgin leseni ya kuziuza. Nyuma yao alikuwepo mshauri anayeijua biashara: Daniel Vangarde, babake Thomas, mtunzi na prodyuza wa disko. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu yao ya kumkumbuka, kwani yeye na Jean Kluger ndio waliotunga "A.I.E. (A Mwana)", wimbo wa kundi la Black Blood wa miaka ya 1970 ulioimbwa kwa Kiswahili, ambao mwaka 1981 uliimbwa upya na kundi la Bananarama la London kuwa singo yao ya kwanza.

Tofauti kati ya Johns na vijana wale wawili, basi, haikuwa kipaji. Ilikuwa karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na studio zetu zimejaa mali ya aina hiyo. Sheria na taasisi za kuzisimamia tunazo: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na taasisi ya COSOTA, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na taasisi ya KECOBO. Ndugu msanii, kabla hujaingia kurekodi, andika nani anamiliki masta, nani mtunzi na kwa asilimia ngapi, na siku rekodi hiyo ikichukuliwa sampuli, nani atapata nini. Anayepuliza tarumbeta leo asaini leo, kwa sababu hajui ni nani atakayezikata miaka ishirini ijayo.