Zilipendwa zikirudiwa, mwambie mtoto wimbo ni wa nani

KATIKA sherehe nyingi siku hizi zilipendwa hazikosekani, lakini mara nyingi si zile zenyewe. Zimerudiwa: mdundo umeongezwa kasi, magitaa yameondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kinanda, beti zimekatwa kimebaki kiitikio. Vijana wanajaa ukumbini kucheza, wazee wanarudi kwenye viti. Wakilalamika, huambiwa wamepitwa na wakati.

Kwa mji kama Tabora, malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Huu ndio mji wa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, "Wana Segere Matata". Marehemu Shem Karenga, aliyeanzia muziki Kigoma, ndiye aliyeitungia Tabora Jazz wimbo "Dada Asha" unaopigwa mpaka leo.

Nyimbo kubadilika si jambo geni katika njia hiyo. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo wakiimba, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Kwa hiyo kurudia wimbo si kosa. Kosa ni kuuchinja.

Nyimbo nyingi za dansi zilijengwa kwa sehemu mbili. Mwanzo ni wa taratibu: mwimbaji anasimulia kisa, labda cha ndoa iliyoyumba, rafiki msaliti au kijana aliyekimbilia mjini akasahau kwao. Baadaye magitaa yanachangamka na watu wanacheza. Wanamuziki huita sehemu hiyo chemko. Anayerudia kwa haraka huchukua chemko na kuacha kisa. Mtoto anapata utamu, funzo linabaki kwenye santuri ya babu.

Mfano unaojulikana zaidi ni "Malaika", wimbo ambao utunzi wake umegombaniwa kwa miaka mingi kati ya Fadhili William wa Kenya na Adam Salim wa Tanzania. Ni kilio cha kijana anayependa lakini hana fedha za kuoa. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba taratibu na, ingawa Kiswahili hakikuwa lugha yake, huzuni ilibaki. Mwaka 1981 kundi la Boney M. likaufanya wa disko. Ukiusikia huo kwanza, unaweza kudhani kijana yule yuko kwenye sherehe.

Kinachopotea pia ni jina la mtunzi, na jina likipotea, riziki hufuata. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Aliyefariki mwaka 2000, wimbo wake ni mali ya warithi mpaka mwaka 2050. Sheria hiyo pia inampa mtunzi haki ya kutajwa, na ya kupinga kazi yake isipotoshwe. Nyuma ya kiitikio kinachochezwa harusini huenda kuna mjane na watoto ambao hawajaombwa ruhusa wala kulipwa.

Mzazi afanye nini? Kumzima mtoto simu hakusaidii, na kumwambia muziki wa leo ni kelele kutamfanya aache kukusikiliza. Mwache asikilize wimbo uliorudiwa, kisha mtafutie ule wa kwanza na muusikilize pamoja mpaka mwisho. Muulize kisa kinahusu nini na ni beti zipi zimeachwa. Mtajie mtunzi, bendi na mji ilikotoka. Kama babu au bibi yupo, mwachie yeye aeleze. Wengi wanakumbuka maneno yote na siku walipoyacheza.

Huenda mtoto bado akaupenda ule mpya. Hakuna ubaya, mradi akijua kuwa Tabora, kabla ya kompyuta, kuna mtu aliyekaa na gitaa akautunga.