Kuchagua Mipira ya Motokari

Motokari, hata ikiwa nzito namna gani, hushika njia kwa mipira minne tu. Kila mpira hugusa njia mahali padogo, kadiri ya kiganja cha mkono. Hapo pakiteleza, breki nzuri hazisaidii kitu. Kwa hiyo habari ya mipira ni habari ya afya pia. Katika mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kwamba ajali za njiani huua watoto na vijana wa miaka 5 hata 29 kuliko sababu nyingine yo yote.

Wengi hapa Lubumbashi hupenda motokari ndogo yenye mbio, ya kwenda kazini kila siku, na mara nyingine Likasi ao Kasumbalesa. Mipira yake ikiisha, wachague nini?

1. Soma maandiko ya ubavuni. Muuguzi hampi mgonjwa dawa bila kusoma chupa. Wewe nawe usinunue mpira bila kuusoma. Tuseme umeandikwa 195/65 R15 91H. Upana wake ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni sehemu 65 katika mia za upana huo. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Chuma cha gurudumu ni inchi 15. Namba 91 maana yake mpira huo hubeba kilo 615. H maana yake huvumilia mbio ya kilometa 210 kwa saa. T ni 190. Hiyo si ruhusa ya kukimbia, bali ni kipimo cha nguvu zake. Tazama vipimo vilivyobandikwa karibu na mlango wa dereva, wala usikubali mpira wenye nguvu pungufu.

2. Jua umri wake. Tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukilala dukani. Hukauka na kufanya nyufa. Kiwanda cha Michelin chashauri kuuondoa ukitimiza miaka 10, hata kama bado waonekana mzima.

3. Jihadhari na mipira ya baridi. Mipira iliyotumika Ulaya huuzwa tena Afrika. Mingine ina alama ya mlima na theluji. Ilifanywa laini kwa ajili ya baridi. Katika joto huisha upesi, na motokari huchelewa kusimama. Muuzaji atakuonyesha mifereji mirefu; wewe tafuta alama ile.

4. Usitazame urembo. Mpira wenye ubavu mfupi hushika kona vizuri, lakini ukiingia shimoni hauna nafasi ya kujikunja. Hupasuka, na chuma chake hupinda. Mpira mpana kupita kiasi nao hupanda juu ya maji kwa urahisi. Mvua zetu ni nyingi tangu Novemba hata Machi, na mifereji ndiyo inayoondoa maji. Mpira mpya huwa na mifereji ya milimita 8 hivi. Sheria za Ulaya hukataa iliyo chini ya 1.6, lakini kwa mvua ni afadhali kubadilisha ikifika 3.

5. Ukinunua miwili tu, itie nyuma. Wengi huitia mbele. Lakini mipira ya nyuma ikiteleza, motokari huzunguka, na dereva huishindwa. Tena mipira miwili ya mbele iwe sawasawa, na miwili ya nyuma vivyo hivyo.

6. Pima upepo kila mwezi, asubuhi kabla ya kuondoka. Upepo ukipungua, mpira hujikunja mno, hupata joto, na mwisho hupasuka katika mbio.

Mtu atasema, “Mipira mipya ni ghali.” Ni kweli. Lakini fedha zikiwa chache, mpira mpya wa kawaida wenye kipimo sawa ni bora kuliko mzee wenye jina kubwa. Nawe punguza mbio. Mke na watoto waliokaa nyuma hawakuchagua mipira ile. Wewe ndiwe uliyewachagulia.