Kabla hujatuma hela Kariakoo: kadi ya grafiki na kompyuta yako ya mtumba



Leo tuongelee kitu ambacho kimeshawaliza vijana wengi: kadi ya grafiki. Stori huwa ni ileile. Kijana ana kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell au HP iliyotoka kwenye maofisi ya ng'ambo. Gemu haliendi, au video za harusi anazohariri zinakwamakwama. Washikaji wanamwambia "weka kadi tu". Anadunduliza, anatuma hela Kariakoo, mzigo unapanda basi na kusafiri zaidi ya kilomita 900. Ukifika ndo balaa: kadi haiingii kwenye kasha, au inaingia lakini umeme wa kasha hauitoshi, au monita haina pa kuchomeka. Kuirudisha ni nauli nyingine, na muuzaji wa mtumba mara nyingi hataki hata kusikia.

Sasa shikeni jambo moja. Kwa kompyuta za mtumba, kadi haichaguliwi na jina lake wala bei yake. Inachaguliwa na kasha ulilonalo nyumbani, lile ambalo wengi tunaliita CPU. Bisibisi ya skrubu nne na nusu saa ya kuchungulia ndani vitakuokolea hela nyingi kuliko kubembeleza bei.

KWANZA, UNAIHITAJI KWELI?

Kompyuta nyingi za ofisi zina grafiki ndogo ndani ya prosesa. Hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima kwenye RAM. Kwa kuandika, kuperuzi na kuangalia muvi inatosha kabisa. Kadi ya grafiki ni prosesa ya pili yenye kumbukumbu yake na feni yake, kazi yake kubwa kuchora picha. Inasaidia kwenye gemu, kwenye kuhariri video na kwenye programu za ramani za majengo.

Kabla hujalaumu grafiki, fungua Task Manager (bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja) wakati mashine inakwama. Ukiona RAM imejaa, au diski iko asilimia 100 muda wote, ugonjwa wako ni huo, na kadi haitautibu. Kuongeza RAM au kuweka diski ya SSD kutakufaa zaidi. Tena kuna siri ndogo hapa: grafiki inayoazima RAM hukimbia vizuri zaidi ukiwa na vipande viwili vya RAM vinavyofanana kuliko kimoja. Kuna gemu linaanza kuchezeka kwa hilo tu, bila kadi yoyote.

PILI, MASWALI MANNE YA KUULIZA KASHA LAKO

1. Sloti ipo? Fungua ubavu wa kasha, tafuta kwenye mazabodi sloti ndefu kuliko zote za kadi, kama sentimita 9 hivi. Hiyo ndiyo PCI Express x16, iliyoanza kutumika 2004. Kadi mpya huingia kwenye sloti ya zamani na ya zamani kwenye mpya, hapo hamna shida. Kama una zile kompyuta ndogo kabisa za ukubwa wa kitabu, mara nyingi sloti hiyo haipo. Usipoteze muda.

2. Kimo na unene. Makasha membamba ya ofisi yanapokea kadi fupi tu, zenye kibati cha nyuma cha sentimita 8 hivi. Kadi ya kawaida ina kibati cha sentimita 12. Pima kwa rula. Angalia na unene: kadi nyingi zina feni kubwa na zinakula nafasi ya sloti mbili. Pima pia urefu kutoka nyuma ya kasha mpaka kitu cha kwanza kitakachozuia, iwe diski au waya.

3. Umeme. Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Sloti yenyewe inaweza kuipa kadi wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima ipate waya wake kutoka pawa saplai: waya wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza wati 150. Dell na HP nyingi za ofisi hazina waya huo kabisa. Mfano Dell OptiPlex 7010 lile jembamba, pawa saplai yake ni wati 240 tu. Ukiwa na prosesa ya i5-3470 inayokula wati 77, ukaongeza kadi ya wati 75, unakuwa kwenye 152. Diski, RAM na feni bado zinapata chao. Inatosha, lakini usivuke hapo.

Na usidanganywe na namba kubwa iliyobandikwa kwenye pawa saplai ya dukani. Soma kibandiko, tafuta mstari wa +12V, zidisha ampea kwa 12. Kama imeandikwa wati 500 lakini +12V ni ampea 15, basi umeme unaoweza kutegemea kwa kadi na prosesa ni 12 mara 15, yaani wati 180. Hiyo 500 ni mapambo.

Unaweza kusema "nitabadilisha pawa saplai". Sawa, ila angalia plagi kwanza. Dell na HP nyingi za ofisi, hasa za kuanzia 2013 hivi, zina plagi ya kwao wenyewe isiyoingiliana na pawa saplai ya kawaida.

4. Monita. Monita nyingi za mtumba zina tundu la VGA tu, lile la bluu lenye matundu 15. Kadi za karibuni hazitoi VGA, zinatoa HDMI na DisplayPort. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye saketi ndani yake. Waya mtupu wenye HDMI upande huu na VGA upande ule haugeuzi kitu.

Majibu ya maswali haya manne yaandike kwenye karatasi, au piga picha ndani ya kasha. Hiyo ndiyo umtumie muuzaji kabla ya hela.

TATU, KADI ZIPI ZINAFAA

Kwa kasha la ofisi lisilo na waya wa ziada, tafuta kadi isiyozidi wati 75. Hizi ndizo za kuangalia:

GT 710. Bei yake inavutia, lakini kwa gemu ni bure kabisa. Wakati mwingine haiishindi hata grafiki ya prosesa yenyewe. Achana nayo, labda kama unataka tu kuongeza monita.

GT 1030 (2017), wati 30. Inatosha magemu ya zamani na ya mpira. Ila zipo za aina mbili: yenye kumbukumbu ya GDDR5, na ile iliyokuja 2018 yenye DDR4, ambayo ni nzito sana. Jina moja, boksi linafanana. Uliza kwanza.

GTX 750 Ti (2014), wati 60. Kongwe lakini ngumu. Hii bado inaweza kutoa VGA kupitia tundu lake la DVI kwa kigeuzi cha kawaida, kwa hiyo wenye monita kongwe wanaipenda.

GTX 1050 Ti (2016), wati 75, kumbukumbu GB 4. Inabeba GTA V bila jasho, maana gemu hilo lilipotoka kwa kompyuta 2015 lilipendekeza GTX 660 ya GB 2. Hakikisha ni toleo lisilo na tundu la pini 6, maana yapo yenye nalo.

GTX 1650 (2019), wati 75, na RTX 3050 ya GB 6 (2024), wati 70. Hizi ndizo zenye nguvu zaidi kwenye kundi hili, na zote zina matoleo mafupi kwa makasha membamba. Angalieni hapo pia, kuna matoleo yenye waya wa ziada.

RX 6400 (2022), wati 53. Nzuri, lakini inatumia njia nne tu za sloti badala ya kumi na sita. Kwenye mashine mpya haisumbui, kwenye mashine kongwe inapoteza kasi. Halafu haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo wahariri wa harusi iacheni.

Kuna jambo la umri pia. Nvidia walitoa draiva ya mwisho ya magemu mapya kwa kizazi cha 750 Ti, 1030 na 1050 Ti mwaka 2025. Baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu, waliyoahidi mpaka Oktoba 2028. Hazijafa, magemu uliyonayo yataendelea kucheza. Ila kama bei ya 1050 Ti imekaribiana na ya 1650, chukua 1650.

NNE, FEKI NA VIMEO

Kuna kadi feki zinazotembea sana: chipu kongwe ya miaka ya 2010 inabadilishwa maandishi ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inaamini, wewe unaamini, gemu ndo linakataa. Dalili moja rahisi: chipu halisi ya 1050 Ti haitoi VGA yenyewe. Ukiona 1050 Ti ina tundu la bluu la VGA, shtuka.

Dawa yake ni programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z. Ishushe ukiwa kafe, weka kwenye flashi, nenda nayo dukani. Tangu 2018 ina uwezo wa kutambua feki nyingi, na ikiikamata inaandika FAKE mbele ya jina la kadi. Kama unaagizia mbali, muombe muuzaji video fupi ikionyesha kadi imechomekwa na GPU-Z imefunguliwa. Anayekataa kitu cha dakika mbili ana sababu yake.

Jihadharini pia na zilizochoka. Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana, kama RX 580, ziliingia kwa wingi kwenye soko la mtumba duniani. Sio zote mbovu, lakini RX 580 inakula wati 185, kwa hiyo kasha la ofisi halihusiki nayo hata kidogo.

Na kwa sisi wa mpakani: ukipata kadi Nakonde kwa bei nzuri, dai risiti na ipitishe kwenye kituo cha pamoja cha forodha, kile kilichozinduliwa 2019. Njia za panya zinaweza kukupotezea mzigo wote, na kadi isiyo na risiti ikizingua huna pa kwenda.

TANO, KUIFUNGA

Shusha draiva mapema kutoka tovuti rasmi ya Nvidia au AMD. Ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo ukishushia kafe kwenye flashi unaokoa bando.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Laza kasha juu ya meza, sio juu ya zulia wala blanketi. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu. Kiangazi hewa ikiwa kavu, mwili unabeba umeme tuli unaoweza kuua chipu. Safisha vumbi kwa brashi laini, hasa ninyi mnaokaa karibu na barabara ya malori.

Ng'oa vibati vya nyuma mbele ya sloti. Shika kadi kwa kingo zake, usiguse meno ya dhahabu. Ilenge kwenye sloti, sukuma pande zote mbili kwa usawa mpaka usikie "tk". Kaza skrubu. Kama ina tundu la umeme, chomeka waya halisi wa pawa saplai. Vile vigeuzi vya kutoka waya wa diski wa SATA msitumie: plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye 12V, pini 6 inaweza kuvuta 75. Plastiki inayeyuka, na moto ndani ya nyumba sio mchezo.

Mwisho, chomeka monita kwenye kadi, sio kwenye tundu la zamani la mazabodi. Washa, weka draiva, zima uwashe tena.

IKIGOMA

Kioo cheusi? Angalia kwanza waya wa monita uko kwenye kadi. Bado? Chomoa umeme, itoe kadi, ichomeke tena kwa nguvu ya kutosha. Bado? Itoe, washa bila hiyo. Kompyuta ikiwaka vizuri, ingia BIOS uone kama kuna mahali pa kuchagua grafiki ya PCI Express, na uangalie kama mtengenezaji ana BIOS mpya. Ikiwaka kisha ikazima yenyewe katikati ya gemu, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai, wa pili ni joto. GPU-Z inaonyesha nyuzi: ikipanda kuelekea 90, safisha feni.

Umeme wa mtaani ukiwa unapanda na kushuka, weka stabilaiza au UPS. Kadi umeitafuta kwa jasho, isiungue kwa sekunde moja.

Haya wadau, leteni bisibisi. Mwenye kasha ambalo halieleweki aandike modeli yake na wati za pawa saplai, tusaidiane kabla hajatuma hela.